Kula bila kujizuia: mimi nimeishi nako, kaka yangu ametoka kwenye unga (heroini)

Mleta mada ameuliza kama kula usiku mpaka unashindwa kusimama ni uraibu kama wa pombe na unga, au ni ulafi tu uliotafutiwa jina zuri. Wengi mmemjibu "funga mdomo". Jibu hilo nililifuata miaka 4, na ndilo lililonimaliza.

Nilikuwa nashindia chai ya rangi. Jioni nikitoka kazini napita kwa Mangi, nachukua biskuti pakiti 2. Duka la pili, maandazi. Mwisho chipsi mayai za kufunga. Niligawa manunuzi sehemu 3 ili muuzaji yeyote asijue nilichobeba. Saa 5 usiku watu wakishalala nafunga mlango, nakula harakaharaka bila hata kusikia ladha, mpaka tumbo linauma. Makaratasi natia kwenye mfuko mweusi, asubuhi nakwenda kuutupa jalala la mtaa wa pili. Halafu naapa kwamba leo ndiyo mwisho.

Aliyenishtukia ni kaka yangu. Alitumia unga miaka mingi, akasimama kwa methadoni, dawa ya kumsaidia mtu aache heroini, ile huduma iliyoanza hospitali ya Muhimbili mwaka 2011. Alikuta mfuko nyuma ya kabati, akakaa kitandani akaniambia, "Mdogo wangu, na mimi nilikuwa naficha hivihivi." Nililia sana siku ile, maana hakunicheka.

Kwa tabia, kweli tulifanana. Kuficha, kuapa na kuvunja kiapo, kuwaza kitu kimoja kutwa, kuendelea huku madhara unayaona. Lakini yeye akishikwa na arosto, yale mateso ya kukosa unga, alitapika, mifupa ikamuuma, jasho likamtoka. Mimi nikikosa biskuti nilikuwa na hasira na kukosa raha, basi. Siwezi kusema ni kitu kilekile, nitakuwa namkosea.

Hata wataalamu wanabishana. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walitunga dodoso la kupima uraibu wa chakula kwa vigezo vilevile vya dawa za kulevya. Lakini mwongozo wa Wamarekani wa magonjwa ya akili, toleo la 5 la mwaka 2013, uliingiza kamari kwenye uraibu na chakula ukakiacha. Ulaji wa kupindukia umewekwa huko kama ugonjwa unaojitegemea, kwenye kundi la matatizo ya ulaji: unakula kingi mno kwa muda mfupi, unaona huwezi kusimama, angalau mara 1 kwa wiki kwa miezi 3. Nilipasoma hapo nikajiona mwenyewe.

Na mnaosema ulafi, hebu tazameni ni chakula gani. Sijawahi kuficha mchicha. Mwaka 2019 mtafiti Kevin Hall na wenzake huko Marekani waliwaweka watu 20 kituoni, wiki 2 wakila vyakula vilivyosindikwa sana viwandani, wiki 2 vya kawaida, kila mtu ale atakavyo. Sukari, mafuta na chumvi kwenye vyakula walivyoandaliwa vilikuwa vimewekwa kwa kiwango sawa pande zote mbili. Kwenye vya viwandani walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku. Ni watu walewale! Huo ulafi uliwaingia lini na kuwatoka lini?

Neno uraibu nalo liliniponza. Kaka alitakiwa asiuguse unga kabisa, nami nikaiga: nikakata sukari, wali, ugali, mkate. Siku ya 9 nilimaliza mkate mzima nimesimama jikoni gizani. Pombe unaweza kuishi bila kuigusa, chakula kesho lazima ukikute tena mezani.

Kilichonisaidia ni kinyume chake. Mshauri aliniambia nile asubuhi, mchana na jioni, nimekaa, chakula kiko kwenye sahani, hata kama jana usiku nilianguka. Mwezi wa kwanza niliona ananiharibia. Mwezi wa tatu, kutoka karibu kila usiku nilikuwa nimefika mara moja kwa wiki. Ule ugali wa mchana niliokuwa nauogopa ndio ulionipunguzia usiku.

Mkuu, umeandika kwamba mkeo hajui. Mwambie. Na ukienda hospitali usiseme unataka kupungua. Mimi nilisema hivyo mara ya kwanza nikapewa karatasi ya vyakula vya kuacha, nikarudi nayo nyumbani na usiku ule nikala zaidi. Omba kitengo cha afya ya akili, useme wazi kwamba ukianza kula unashindwa kuacha, na kwamba unajificha.