Kabla ya Kukusanya Nyaraka za Viza ya Masomo, Chukua Kalenda

Mtu akishapata barua ya udahili, swali lake la kwanza huwa "natakiwa kuwa na nini?" Anapewa orodha, anaanza kuweka tiki. Tangu nilipoomba viza ya masomo nikaipata, ndugu na marafiki huniletea mafaili yao niyapitie kabla hawajayawasilisha. Ni nadra nikakuta karatasi haipo kabisa. Mara nyingi ipo, ila imepitwa na wakati, haijatimiza siku zake, au haikubaliani na nyingine iliyo kwenye faili lilelile.

Kila hati ina umri wake. Matokeo ya IELTS, mtihani wa lugha ya Kiingereza, hudumu miaka 2. Cheti cha uchunguzi wa kifua kikuu, ambacho Uingereza hukidai kwa waombaji wa nchi kadhaa, hudumu miezi 6. Namba ya CAS, yaani uthibitisho wa kupokelewa masomoni unaopewa na chuo cha Uingereza, nayo ni miezi 6, na ukiwa nje ya nchi hiyo huruhusiwi kuomba viza mapema zaidi ya miezi 6 kabla ya kozi kuanza. Marekani wanaweza kukupa viza ya F-1, ile ya wanafunzi, hadi siku 365 kabla ya tarehe ya masomo iliyo kwenye I-20, fomu unayopewa na chuo cha huko, lakini kuingia nchini kwao hakuruhusiwi mpaka zibaki siku 30 au pungufu. Basi andika tarehe ya kuanza masomo juu kabisa ya ukurasa, halafu hesabu kurudi nyuma. Pasipoti ndiyo itangulie, maana namba yake itaingia karibu kila mahali. Kama inakaribia kuisha, ibadilishe kabla hujajaza fomu yoyote.

Sasa pesa. Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo kalenda inapouma.

Kwa Uingereza, kiasi kinachotakiwa lazima kikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo, na siku ya mwisho ya hizo 28 isiwe imepita zaidi ya siku 31 unapowasilisha ombi. Mfululizo maana yake ni mfululizo kweli. Salio likishuka chini ya kiwango siku ya 20, hata kwa saa chache mpaka mshahara wa baba uingie, unaanza kuhesabu upya. Kinachowaangusha watu wengi ni malipo ya awali ya bweni: chuo kinatuma barua pepe kwamba chumba kinaweza kuchukuliwa na mwingine, mwombaji anakimbilia akaunti ileile aliyoiacha itulie. Lipia bweni kwa akaunti nyingine, au weka ziada ya kutosha tangu siku ya kwanza. Ada uliyokwishalipa chuoni hukatwa kwenye kiasi unachotakiwa kuonyesha, ila hakikisha chuo kimeiandika kwenye CAS, usibaki na risiti tu mkononi.

Halafu kuna suala la jina la mwenye akaunti. Familia nyingi mdhamini ni mjomba au shangazi, na hakuna ubaya wowote. Lakini kanuni za Uingereza zinatambua akaunti yako, ya mzazi, ya mlezi wa kisheria, au ya mwenzi wako anayeomba pamoja nawe au aliyekwisha kupewa ruhusa ya kuishi huko. Mjomba asiye mlezi wako kisheria, hata awe na salio la kutisha, akaunti yake haihesabiki. Ahamishe pesa kwako mapema, na siku 28 zianzie hapo. Ukitumia akaunti ya mzazi, ambatisha cheti cha kuzaliwa na barua yake ya kuridhia pesa hizo zitumike kwa masomo yako. Marekani hawabani hivyo. Mdhamini anaweza kuwa mtu yeyote, mradi barua yake ieleze yeye ni nani kwako na taarifa za benki zioane na kazi anayosema anafanya.

Ujerumani wana utaratibu wao, na binafsi naupenda kwa sababu hauna kubahatisha. Unafungua akaunti iliyozuiwa, wenyewe huiita Sperrkonto, unaweka pesa ya mwaka mzima, na ukifika unaachiwa kwa mafungu ya kila mwezi. Mwaka 2025 kiwango kilikuwa euro 11,904, yaani euro 992 kwa mwezi. Kiwango hiki hupandishwa mara kwa mara, kwa hiyo soma tovuti ya ubalozi wiki unayoweka pesa, usitegemee alichokwambia aliyekwenda miaka mitatu iliyopita. Kanada nako kanuni hubadilika: tangu Januari 2024 wanafunzi wengi wanadaiwa barua ya uthibitisho kutoka jimbo au eneo watakalosomea, juu ya barua ya chuo, na SDS, njia ya haraka ya kuomba viza ya masomo, ilifungwa Novemba 2024. Bado nakutana na watu wanaoshauriwa waitumie.

Pesa iliyoingia kwa mkupuo siku chache kabla ya ombi haikatazwi kila mahali, lakini ina swali lake. Kama ni kiwanja kimeuzwa, weka hati ya mauzo. Kama ni mkopo wa elimu, weka barua ya benki. Ofisa hakujui, anachojua ni tarakimu iliyoruka ghafla kwenye ukurasa.

Majina ni balaa jingine, la kimyakimya. Fungua pasipoti ukurasa wa picha, tazama mistari miwili ya chini iliyojaa alama za <<<. Kwenye mstari wa juu kati ya hiyo miwili, baada ya herufi za nchi, kinachotangulia ni jina la ukoo. Zikija alama mbili <<, kinachofuata ni majina yako mengine. Huo ndio mgawanyo mashine inaousoma, hata kama nyumbani na shuleni wanakuita kwa mpangilio tofauti. Jaza fomu zote hivyo. Mwenye jina moja tu kwenye pasipoti, DS-160, fomu ya mtandaoni ya kuombea viza ya Marekani, humtaka aliweke kwenye nafasi ya jina la ukoo na kuandika FNU (yaani jina la kwanza halijulikani) kwenye nafasi ya jina la kwanza. Cheti cha shule kikiwa na jina tofauti, tengeneza hati ya kiapo kwa wakili kabla hujaulizwa.

DS-160 pia inauliza akaunti zako za mitandao ya kijamii za miaka 5 iliyopita, na tangu Juni 2025 waombaji wa viza za masomo wanatakiwa waziache wazi zionekane na umma. Zitaje zote, hata ile uliyoisahau.

Tafsiri za hati ni kazi fupi ukipata mtu sahihi. Uingereza hutaka mfasiri athibitishe kuwa tafsiri ni sahihi, aweke tarehe, jina kamili, saini na mawasiliano yake. Kuhusu apostili, ule mhuri unaotokana na Mkataba wa Hague wa 1961, unathibitisha saini na mhuri wa aliyetoa hati, haugusi ukweli wa yaliyomo. Uliza kwanza kama unahitajika, maana wengi huulipia bure.

Dalali akikwambia ana namna ya kukutengenezea taarifa ya benki, ondoka. Kanada ukibainika umedanganya unafungiwa miaka 5, Uingereza unaweza kufungiwa hadi 10, na Marekani kizuizi chake ni cha maisha, isipokuwa upewe msamaha maalumu.

Viza ikitoka, isome siku hiyohiyo: jina, namba ya pasipoti, tarehe za kuanza na kuisha. Ikiwa ni ya kielektroniki, ingia kwenye akaunti yako uyakague hayohayo. Kosa la herufi moja hurekebishwa kwa urahisi zaidi kabla hujasafiri. Barua ya chuo, I-20 na ushahidi wa pesa usiviweke kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege. Ofisa wa mpakani ana haki ya kuvidai tena, na sanduku bado litakuwa upande wa pili.