Ufahamu wa Kiingereza kwa vikundi: kila mtoto ashike kipande chake

Andika ubaoni sentensi hii, ambayo haina maana yoyote: "The dabo was blinting in the murg because it had lost its fim." Kisha waulize wanafunzi: Where was the dabo blinting? Why was it blinting? Mikono itanyooka darasa zima. "In the murg." "Because it had lost its fim." Majibu yote ni sahihi, yote yanastahili vema, na humo ndani hakuna hata mmoja, mwalimu ukiwemo, anayejua kama dabo ni mnyama au ni gari.

Huwa napenda kuwaonyesha walimu wapya zoezi hili kwa sababu ndivyo vipindi vingi vya ufahamu vinavyokwenda. Mwanafunzi anachukua neno la kwenye swali, analisaka kwenye kifungu cha habari, akiliona ananakili sentensi nzima. Anasahihishiwa, anapata nane kwa kumi, na mzazi anafurahi. Ukimwambia afunge kitabu akusimulie alichosoma, hata kwa Kiswahili, anakutazama tu.

Kwa Tanzania jambo hili lina uzito wake. Mtoto wa shule ya serikali amesoma miaka 7 ya msingi kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja kati ya mengine. Anaingia Kidato cha Kwanza na karibu masomo yote yanageuka Kiingereza. Asipoelewa anachosoma kwenye kipindi chako, hataelewa usanisinuru kwenye Baiolojia wala mmomonyoko wa udongo kwenye Jiografia. Mwalimu wa Kiingereza amebeba mzigo wa ofisi nzima ya walimu, na sehemu kubwa ya mzigo huo ni ufahamu.

Dawa iliyonisaidia kuliko zote ni vikundi, ila vikundi vya aina fulani.

Vile tulivyovizoea sote tunavijua. Watoto wanane wanazunguka kitabu kimoja, anateuliwa katibu, wanapewa maswali matano. Katibu na jirani yake wanafanya kazi, wengine wanabebwa. Wawili wanapiga soga, mmoja anachora, na yule wa mwisho hata kitabu hakioni. Walimu wengi wanahitimisha kwamba watoto ni wavivu na vikundi havifai. Mimi naona tatizo liko kwenye kazi yenyewe. Ukiwapa watu wanane kazi ambayo mmoja anaiweza peke yake, huyo mmoja ataifanya, na wenzake hawatakuwa na sababu ya kumwingilia. Kikundi kinakuwa kikundi pale tu ambapo kila mmoja ana kitu ambacho wenzake hawana na bila hicho hawawezi kumaliza.

Wazo hili si langu. Mwaka 1971, mwanasaikolojia Elliot Aronson aliitwa kusaidia shule za Austin, Texas. Ubaguzi ulikuwa umeondolewa shuleni, watoto weusi, weupe na wenye asili ya Mexico walikuwa wamewekwa darasa moja, na uhasama ulikuwa mkubwa. Yeye na wanafunzi wake wa chuo kikuu wakaligawa somo vipande, kila mtoto kipande chake, na kikundi hakikuweza kulijua somo zima bila kumsikiliza kila mmoja. Mtoto aliyekuwa akidharauliwa akawa na kitu ambacho wote wanakihitaji. Mpasuko wa madarasa yetu ni mwingine: kuna waliotoka shule za msingi za Kiingereza na kuna waliotoka shule za kawaida, na hawa wa pili wanajifunza mapema kunyamaza. Vipande vinawafungua midomo.

Ninavyofanya ni hivi. Nachukua kifungu kifupi cha aya nne, maneno 200 hadi 250. Pasipo hela ya fotokopi, nanakili kwa mkono, au nawaomba wanafunzi wawili wenye mwandiko mzuri wanisaidie mapema. Kila aya inakatwa peke yake. Wanafunzi wanakaa wanne wanne: wa dawati la mbele wanageuka nyuma, na kikundi kimepatikana bila kuburuta madawati. Kila mmoja anapata aya moja, na siwaambii ipi inaanza.

Kwanza kila mtu anasoma yake kimya. Halafu mwenye aya fulani anakutana na mwenye aya kama hiyo wa kikundi jirani, wanaulizana wasichoelewa. Vitabu vya ualimu vinasema wenye kipande kimoja wote wakusanyike pamoja, lakini kwenye darasa la watoto 70 huo ni mkutano wa hadhara. Wawili wanatosha, watatu si mbaya. Baada ya hapo wanarudi kwenye vikundi vyao, karatasi zinalazwa kifudifudi, na kila mmoja anawasimulia wenzake aya yake. Hapa uwe mkali: marufuku kuwasomea wenzako karatasi. Mtoto akisoma tu kwa sauti, maneno yanapita mdomoni bila kugusa akili. Akilazimika kusimulia, utajua papo hapo kama ameelewa.

Kisha wanapanga aya zifuatane. Hapo ndipo watoto wanaanza kuyaona maneno madogo ambayo siku zote huwa wanayaruka. Aya inayoanza na "But she" haiwezi kuwa ya kwanza, kwa sababu huyo "she" hatujamjua bado. "That money" inadai kwamba fedha zilishatajwa. "The next morning" inadai usiku uliotangulia. Unaweza kufundisha viunganishi mwezi mzima ubaoni wasishike, kisha wakavikamata siku moja wakibishania aya ipi ianze.

Maswali yanakuja mwisho, na yawe machache. Mimi napenda mawili: moja la kutafuta habari na moja ambalo jibu lake halikuandikwa popote. Hili la pili ndilo roho ya kipindi.

Nikupe mfano wa kifungu nilichokitunga mwenyewe, cha msichana anayeweka akiba kwenye kopo. Aya ya tatu inasema: "Neema shook the tin gently and pushed it back under the bed without opening it. It had made no sound. By the door stood her brother's shoes, black and shining. She had never seen them before." Swali: Does Neema know where her money is? How do you know?

Kikundi kimoja kilianza na kijana aliyesema kwa uhakika kabisa, "Hajalifungua, kwa hiyo anamwamini kaka yake." Binti aliyekaa mkabala naye akamkatalia: "Soma hapa, made no sound. Amelitikisa halijalia. Ni tupu." Wa tatu akasema noti hazilii, kopo linaweza kuwa limejaa noti. Hoja nzuri sana ile, na wote wakakwama. Ndipo mwenye aya ya kwanza, kijana mpole ambaye kwenye masomo ya kawaida huwezi kuisikia sauti yake, akaigeuza karatasi yake na kuweka kidole kwenye mstari: "every evening she dropped a coin into the tin." Sarafu! Kikundi kililipuka. Aliyesema Neema anamwamini kaka yake aliomba karatasi aisome mwenyewe, kisha akahamia kwenye viatu: vipya, vya kaka, na hela haipo.

Hakuna sentensi inayosema kaka kaiba. Wameunganisha sarafu za aya ya kwanza na kopo lililonyamaza na viatu vya aya ya tatu. Huko ndiko kusoma.

Wakati wote huo mimi nilikuwa na swali moja tu la kuuliza nikizunguka: "Mstari gani?" Anayedai jambo anionyeshe mstari. Sisemi nani yuko sahihi. Mwalimu akishatoa jibu, mjadala umekufa, na wiki ijayo watakusubiri uwaambie.

Umeona kwamba walibishana kwa Kiswahili. Najua wapo wakuu wa shule watakaokunja uso, na zipo shule ambazo mtoto akisikika akiongea Kiswahili anavishwa kibao shingoni. Napinga jambo hilo kwa nguvu zangu zote. Mtoto wa Kidato cha Kwanza aliyekatazwa Kiswahili haongei Kiingereza, anakaa kimya, na ukimya wake hauwezi kukueleza kama ameelewa au amepotea. Utaratibu wangu ni huu: ubishi kwa lugha yoyote, ushahidi kwa Kiingereza cha kifungu, jibu la mwisho kwa Kiingereza. Kwa ajili ya jibu hilo naandika mwanzo ubaoni: "We think ... because in line ... the writer says ..." Mwanzoni wanaufuata neno kwa neno. Baadaye wanauacha wenyewe.

Ili pasiwepo wa kubebwa, kila mmoja kwenye kikundi ana namba, 1 hadi 4. Wakati wa kuripoti natamka namba, tuseme 3, na namba 3 wa kikundi chochote nitakachoelekeza anasimama. Hawajui nitaita ipi, kwa hiyo dakika za mwisho utasikia wenye nguvu wakimfundisha mwenzao sentensi ya kujibu. Jibu kila mtu anaandika kwenye daftari lake, ila nakusanya daftari moja kwa kila kikundi, lolote. Kwa darasa la 70 nasahihisha madaftari 17 au 18, na wenye madaftari hayo wanarudi na maelezo ya kuwasomea wenzao.

Wakishazoea, waachie watunge maswali wao. Mwaka 1984, watafiti wa elimu Annemarie Palincsar na Ann Brown walieleza njia ya kufundishana ambamo wanafunzi wanafanya kazi nne kwa zamu: kubashiri, kuuliza, kufafanua na kufupisha. Sijawahi kuona sababu ya kuzibana zote nne kwenye kipindi kimoja. Nachukua kuuliza na kufupisha. Kikundi kinatunga maswali mawili, kinabadilishana na jirani, na swali lolote linaloweza kujibiwa kwa kunakili, kama lile la dabo, linarudishwa. Kwenye ufupisho, wape maneno 25, wakimaliza waambie sasa yawe 15. Watabishana vikali juu ya neno lipi litupwe, na ubishi huo unawaandaa kwa ufupisho wa mtihani wa Kidato cha Nne vizuri kuliko kanuni za kukariri.

Kuhusu uchaguzi wa kifungu, usiwape kigumu ukidhani kikundi kitakibeba. Utafiti wa Hu na Paul Nation wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba ili mtu aelewe hadithi bila msaada anahitaji kujua takriban maneno 98 katika kila 100. Kikundi kinaweza kuvumilia magumu zaidi kidogo, maana huyu anajua neno ambalo yule halijui. Lakini kila mstari ukiwa na maneno mapya mawili, kipindi chote kitaishia kwenye kamusi.

Dakika 40 hazitoshi, kwa hiyo mwombe mwalimu wa taaluma akupangie vipindi viwili mfululizo angalau mara moja kwa wiki. Na majirani wa madarasa ya pembeni waambie mapema kwamba kutakuwa na kelele.

Wapo pia watoto ambao kikundi hakitawatosha. Kuna mtoto anafika sekondari hawezi kulitamka neno "through" analoliona mbele yake. Watafiti wa usomaji Philip Gough na William Tunmer waliandika mwaka 1986 kwamba usomaji unahitaji vitu viwili, kuyatambua maneno na kuielewa lugha, na kimoja kikiwa sifuri, usomaji wote ni sifuri. Mtoto huyu mpe aya fupi kuliko zote, mpangie mwenza mvumilivu wa kusoma naye aya hiyo, na usimsimamishe kusoma mbele ya darasa. Kisha mtafutie dakika 15 baada ya vipindi, yeye na wenzake wa aina yake, mrudi kwenye herufi na silabi. Hawatakuwa wengi kama unavyohofia, na wanakuja kwa hiari wakijua kwamba Alhamisi watashika kipande ambacho kikundi kinakingoja.