Kangaga anayeparamia miti

SWALI: Bondeni kwetu kuna mmea kama kangaga, unaparamia miti. Unaitwaje? Vipande vya shina nilivyopanda vimekauka vyote. – Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Ni kangaga kweli, wa kundi la Lygodium, neno la asili ya Kigiriki lenye maana ya kunyumbuka. Kwa Kiswahili analichangia jina na ndugu zake wote wasioparamia.

Hilo unaloliita shina ni uti wa jani moja lisilokoma kurefuka, ndiyo maana halitoi mizizi. Shina lenyewe hutambaa udongoni, jembamba, lina vinyweleo vyeusi. Chimbua kipande cha sentimita 10 chenye mizizi na chipukizi, kifukie juujuu kivulini, udongo uwe na unyevu daima. Ukikizamisha, kitaoza. Mwekee kamba ya kuparamia. (Huko Florida, Marekani, Lygodium microphyllum wa kwetu ni gugu sumbufu!)