Flashi ya mteja haiingii mashine kubwa

Jumatatu iliyopita nilitoka dukani kwetu, steshenari, kununua toni ya printa, na niliporudi nilimkuta kijana wetu mpya amechomeka flashi ya mteja kwenye mashine kubwa, ile kompyuta yenye kazi zote za watu. Mteja, mwalimu wa shule moja ya mwambao, alikuwa amesimama kaunta na begi mgongoni, anawahi boti bandarini Kibirizi. Flashi ilipofunguka haikuonyesha folda hata moja. Ilionyesha shotikati moja tu, yaani alama ya njia ya mkato inayofungua kitu kilicho mahali pengine, yenye jina la flashi yenyewe. Kijana akaibofya mara mbili, folda zikatokea, akachapa kurasa nane, akapokea hela, kisha akanitazama kwa furaha ya mtu aliyemhudumia mwenye haraka bila kumchelewesha. Mimi nilikuwa nimeshachomoa waya wa intaneti.

"Kaka, mbona imefunguka vizuri tu?"

Ni kijana mwenye akili na anachapa haraka kuliko mimi. Lakini kosa lile nimeshaliona kwa vijana wanne kabla yake, hapa Mwanga, Kigoma, na kule Ujiji, na wote waliniuliza swali hilo hilo, karibu kwa maneno hayo hayo. Ndiyo maana naandika. Nawaandikia nyinyi wadogo zangu mnaoanza steshenari na ufundi, ambao tayari mnajua kupiga Windows, kuskani vyeti, kujaza fomu za mikopo na kutafuta matokeo. Hayo siyagusi.

1. Flashi ya mteja iwe na mashine yake. Ile kompyuta kuukuu ya pembeni, isiyo na kazi ya mtu wala nywila yoyote, ndiyo lango. Flashi ianzie huko, ikaguliwe, ndipo kazi ihamie kwenye printa.

Sasa kuhusu ile "kufunguka vizuri". Kirusi cha shotikati hakifuti kazi ya mtu. Kinazificha folda zake na kuzipa sifa za mafaili ya mfumo, ndiyo maana hata ukiiambia Windows ionyeshe vilivyofichwa, mara nyingi bado huoni kitu. Halafu kinakuwekea shotikati. Ukiibofya, kwanza inaendesha skripti, yaani faili la amri, ya kirusi, kisha inakufungulia folda zako ili usishtuke. Tangu hapo kila flashi itakayoingia kwenye mashine hiyo inatoka na mzigo. Enzi za Windows XP hata kubofya hakukuhitajika: faili la autorun.inf liliweza kuamsha programu flashi ikishachomekwa tu, na hiyo ni mojawapo ya njia ambazo kirusi cha Conficker kilipita kusambaa duniani tangu mwishoni mwa 2008. Microsoft waliufunga mlango huo kwenye Windows 7, na Februari 2011 wakaufunga kwa XP na Vista kupitia apdeti. Siku hizi kirusi cha shotikati kinasubiri kidole chako, na ukiona shotikati mahali ulipotarajia folda, kidole kiondoke kwenye mausi.

Na acheni kufomati, jamani! Mama wa watu analeta flashi, mnaiona tupu, mnamwambia imekufa. Angalieni kwanza nafasi iliyotumika. Flashi tupu haiwezi kuwa imebeba giga tatu. Ikishakaguliwa na kirusi kikaondolewa, fungueni dirisha la amri (cmd), andikeni attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na mbadilishe hiyo E iwe herufi ya flashi husika, kisha msubiri. Mzee mmoja wa Gungu alikuja kwetu akiwa ameshauziwa flashi mpya sehemu nyingine baada ya kuambiwa ya kwanza haifai tena. Humo mlikuwa na picha za msiba wa mkewe, zote. Zilipotokea alivuta benchi akazitazama moja moja mpaka jioni, na mashine ile hatukuitumia tena siku hiyo.

2. Washeni majina kamili ya mafaili kwenye kila mashine mnayoigusa. Mei 2000 watu duniani kote walipokea kwa barua pepe faili lililoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows ikaficha zile herufi tatu za mwisho, wakaona TXT, wakadhani ni barua, kumbe ni kirusi. Faili la CV linaloishia na exe ni programu, si CV.

3. Kraki, yaani programu ya kukwepa leseni. Hapa naomba mkae chini.

Ilikuwa Novemba 2019. Mitihani ya kufunga mwaka ya shule tatu ilikuwa mezani kwangu, Office ikawa inanidai leseni kila ninapofungua ukurasa, na ilikuwa saa tano usiku, mvua inapiga bati kiasi kwamba sikusikia hata simu ya nyumbani. Nikapakua kraki. Maelezo yake yalisema nizime antivairasi kwanza, eti huwa inaisingizia. Nikazima. Mkono huu huu ulimtoa mlinzi getini kwa sababu mgeni aliomba hivyo. Baada ya dakika chache likatokea dirisha la apdeti ya Windows, linahesabu asilimia. Nikaona mashine inajirekebisha yenyewe, nikaiacha ikiendelea, nikafunga duka nikaenda kulala.

Haikuwa apdeti. Asubuhi kila faili lilikuwa limeongezewa herufi nne mwishoni mwa jina, na kila folda ilikuwa na karatasi moja iliyoitwa _readme.txt. Walioyafunga mafaili wanataka dola 980 ili wayafungue, au 490 nikiwahi ndani ya saa 72. Dola 490 wakati ule ilizidi milioni moja na laki moja. Kilikuwa kirusi cha kudai fidia cha jamii ya STOP, ambayo wengine huiita Djvu, na njia yake kubwa ya kusambaa ilikuwa hizo hizo kraki. Bakapu, yaani nakala ya akiba, nilikuwa nayo. Diski ya nje, terabaiti moja, nimeiacha imechomekwa nyuma ya mashine mwaka mzima ili kunakili kuwe rahisi. Ilikuwa imefungwa kama mashine yenyewe.

Jamii hiyo ya kirusi hufunga kama kilobaiti 150 za mwanzo za kila faili. Kwa hiyo video za harusi, zenye giga nzima nzima, niliokoa sehemu kubwa. Lakini ripoti ya utafiti ya mwalimu mmoja aliyekuwa anamalizia shahada, kurasa 74 za Word, jumla ilikuwa kilobaiti 120. Haikubaki hata mstari. Mwezi mmoja tu kabla, kampuni ya Emsisoft ilikuwa imetoa programu ya bure ya kufungua mafaili ya matoleo ya zamani ya kirusi hicho. Niliiendesha nikiwa nimeshika kiti kwa mikono miwili. Ikaniambia ufunguo wangu ni wa mtandaoni, yaani kirusi kiliwasiliana na wenyewe na kupewa ufunguo wa mashine yangu peke yake. Kama usiku ule intaneti ingekuwa imekatika, kingetumia ufunguo wa akiba ambao wengi wanauchangia, na pengine leo ningekuwa nao.

Mpaka hapo nilikuwa mzembe. Kilichofuata ndicho kinachoniuma hadi leo.

Mwalimu alikuja saa nne kuchukua kazi yake. Nikamwambia printa ni mbovu. Kesho yake nikamwambia umeme ulikatika katikati ya kazi. Alinishukuru kwa kuhangaika, akaniachia na mfuko wa migebuka ya kukaushwa. Siku ya tatu nikashindwa kumtazama, nikamwambia ukweli. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Kaka, ungeniambia juzi. Nakala ilikuwa kwenye simu ya mdogo wangu. Jana ameifuta apate nafasi ya picha."

Hakupaza sauti. Alikuwa na karatasi za sura tatu za mwanzo, zilizosahihishwa na msimamizi wake kwa wino mwekundu. Sura mbili za mwisho hazikuwa popote. Tulikaa usiku nne, yeye anasoma mimi nachapa, mke wangu anatuletea chai. Takwimu alizijenga upya kutoka kwenye madodoso aliyokuwa ameyahifadhi ndani ya kiroba cha unga nyumbani kwake Katubuka, akiyahesabu kwa vijiti vya tanotano kama darasani. Alichelewa tarehe ya kukabidhi, akasubiri mahafali ya mwaka uliofuata. Wateja wengine niliwarudishia hela. Leseni halali, niliponunua, ilinigharimu kidogo kuliko hizo hela nilizorudisha.

Hela ya fidia sikulipa, na nanyi msilipe. Anayelipa hana hakika ya kupewa kitu. Pitieni kwanza tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa 2016 na Europol (shirika la polisi la Umoja wa Ulaya), polisi wa Uholanzi na kampuni mbili za usalama wa kompyuta. Ina vifungulio vingi vya bure. Na mafaili yaliyofungwa msiyafute. Diski yangu ile bado ipo kwenye droo ya chini, nimeiandikia tarehe, kwa sababu funguo nyingine hupatikana baada ya miaka.

4. Bakapu iliyochomekwa muda wote si bakapu. Nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ilale nje ya duka. Yangu inalala nyumbani, kabatini.

5. Msizime apdeti kwa kuogopa bando. Kirusi cha WannaCry kiliposhambulia tarehe 12 Mei 2017, kiraka, yaani apdeti ya kuziba tundu kilimopita, kilikuwa kimetolewa tangu Machi. Kompyuta zaidi ya laki mbili zilipatikana hazijakiweka. Wekeni usiku, bando la usiku ni nafuu. Windows 10 msaada wake wa kawaida umekwisha tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mteja akileta mashine inayoweza kubeba Windows 11, mshaurini ahamie.

6. Simu nayo ni kompyuta. Kadi ya mwaliko wa harusi haiwezi kuishia na apk, hiyo ni programu ya simu. Zile namba sita za WhatsApp zinazokuja kwa meseji hapewi mtu, hata akiwa anatumia picha ya shangazi yako. Dada mmoja anayeuza mawese pale sokoni alimpa "shangazi" namba hizo saa mbili asubuhi, na kufika saa sita watu kumi na kitu wa kikundi chake cha kukopeshana walikuwa wameombwa hela kwa jina lake, na wawili walikuwa wameshatuma. Kilichomliza ni kwamba waliotuma ndio waliokuwa wanampenda kuliko wote. Mwekeeni kila mteja uthibitisho wa hatua mbili, ni dakika moja, msimtoze. Zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zipelekwe 15040, namba ya kuripoti matapeli hapa Tanzania.

7. Mkiharibu, semeni siku hiyo hiyo. Kabla ya kuhangaika kutengeneza, pigeni simu.

Jumatatu, baada ya kuchomoa waya, nilimfungulia kijana wetu orodha ya programu zinazoendesha, nikamwonyesha wscript.exe, programu ya Windows inayoendesha skripti, ikifanya kazi ilhali hakuna aliyeiita. Tukaifunga, tukaikuta skripti yenyewe imejipachika kwenye folda ya programu zinazowaka na mashine, tukaifuta, kisha tukaendesha ule ukaguzi wa Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, unaofanyika Windows ikiwa haijawaka. Flashi zote zilizopita siku hiyo tulizitenga kwenye bakuli. Ikabaki ya yule mwalimu wa boti, ambayo ilikuwa inakwenda kuchomekwa kwenye kompyuta pekee ya shule yake.

Nikampa kijana simu. Aliishika muda, akaniuliza kama mimi siwezi kuongea badala yake. Nikamwambia namba ni hiyo, mimi nakaa hapa pembeni yako. Mwalimu alipokea akiwa bado majini, injini ya boti inanguruma, na kijana ikabidi aseme kwa sauti kubwa, duka zima likisikia: "Mwalimu, shikamoo, ni mimi wa steshenari. Flashi yako ina virusi, nami nimeifungua vibaya. Tafadhali usiichomeke shuleni, irudishe kwetu tuisafishe bure."

Ijumaa ilikuja na boti, imefungwa kwenye karatasi ya daftari, na juu yake mwalimu ameandika kwa kalamu ya bluu: "Sijaigusa."