Je, shule ya umma yaweza kumkataa mtoto asiyesikia vizuri?

SWALI: Mhariri, assalaam alaikum. Mwanangu ana miaka sita. Sikio moja halisikii kabisa na la pili linasikia kwa shida. Nilipompeleka kuandikishwa Gredi ya Kwanza katika shule ya umma iliyo karibu nasi, niliambiwa hakuna mwalimu wa watoto kama yeye, kisha nikaambiwa huenda nafasi ikapatikana nikilipa pesa za dawati. Je, serikali si ilisema elimu ni bure kwa wote?
Mzazi, Mtongwe, Likoni

JIBU: Waalaikum salaam, dada. Kukataliwa kwa mwanao hakuna msingi wa kisheria. Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, nayo Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumbagua mtoto anayetafuta nafasi, hata kwa sababu ya ulemavu. Sheria hiyohiyo inamwadhibu mzazi asiyempeleka mwanawe shuleni. Ingekuwa ajabu basi imlazimishe mzazi kufika langoni, kisha imruhusu mwalimu mkuu kulifunga.

Karo ya masomo shule ya umma hairuhusiwi kutoza. Michango mingine yaweza kuwepo, lakini ni sharti iidhinishwe na Waziri kwa kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, itolewe risiti, na mtoto asizuiwe kusoma kwa kuwa mzazi hakulipa. Nakubali kwamba walimu wakuu wana dhiki ya kweli, maana mgao wa serikali kwa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na hata zikifika zote hazinunui dawati la maana. Upungufu huo, hata hivyo, ni wa kudaiwa Nairobi, si wa kutwikwa mama wa Mtongwe.

Swali gumu zaidi ni mwanao akasome wapi, na hilo haliamuliwi kwa kumtazama tu mlangoni. Sera ya mwaka 2018 ya wanafunzi wenye ulemavu inatanguliza elimu jumuishi, yaani mtoto asome na wenzake wa mtaani kila inapowezekana, bila kuzifuta shule maalumu. Anayeshauri ni kituo cha tathmini, kinachopima mahitaji ya mtoto kimasomo, ambacho walimu wamezoea kukiita EARC. Huenda mwanao akatoshwa na kifaa cha masikio, kiti cha mbele, na mwalimu anayemgeukia anapozungumza. Mwalimu akisema huku akiandika ubaoni, mtoto kama huyo hupoteza sentensi nzima. Ikionekana anahitaji lugha ya ishara, ipo Shule ya Viziwi ya Ziwani, ila uulizie bweni mapema, kwani kumvusha feri mtoto wa miaka sita kila alfajiri si jambo la kukubali kwa wepesi.

Nenda kwanza ofisi ya elimu ya kaunti ndogo ya Likoni, ukiwa na cheti cha kuzaliwa na karatasi za vipimo vya masikio, uombe kuelekezwa EARC. Mwalimu mkuu naye mwombe aandike sababu za kumkataa mtoto. Wapo ambao, wakitakiwa kuandika, nafasi huonekana papo hapo. Akishikilia msimamo wake, yapeleke malalamiko kwa maandishi kwenye Bodi ya Elimu ya Kaunti, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.