Presha imeshuka, je, dawa ziachwe?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 61, aligundulika kuwa na shinikizo la damu mwaka jana, akaandikiwa amlodipini. Mwezi uliopita alipimwa akakutwa na 128/80, na tangu siku hiyo ameacha vidonge akidai kwamba amepona, na kwamba vilikuwa vikimvimbisha miguu. Sasa anakunywa maji ya kitunguu saumu kila asubuhi. Je, tumwache?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Msimwache, ingawa malalamiko yake kuhusu miguu ni ya kweli. Kipimo cha 128/80 alichokipata akiwa anameza dawa kinaonesha kwamba dawa ilikuwa ikifanya kazi, wala si kwamba ugonjwa umeondoka, kwa sababu amlodipini hulegeza mishipa ya damu kwa muda ule tu inapokuwamo mwilini. Presha yenyewe kwa kawaida haiumi. Mtu anaweza kukaa na 170/100 kwa miezi mingi akiendelea na biashara yake sokoni, huku misuli ya moyo ikinenepa, figo zikidhoofika na mishipa ya ubongo ikichakaa, hadi siku anapopatwa na kiharusi. Kwa hiyo apelekwe kupimwa wiki hii hii, asisubiri kichwa kimuume.

Kuhusu miguu, amlodipini inajulikana kwa kuvimbisha vifundo, hasa dozi inapofika miligramu 10. Aende na daftari lake la kliniki, aseme waziwazi kinachomsumbua, kwani daktari anaweza kupunguza dozi au kumbadilishia dawa, kwa mfano akampa losatani. Uvimbe ukiandamana na kukosa pumzi, au ukiwa wa mguu mmoja tu, asingoje tarehe ya kliniki. Ninachokiona mara kwa mara ni kwamba mgonjwa huona haya kumlalamikia daktari, akaenda kumlalamikia jirani, na jirani ndiye anayemwandikia kitunguu saumu. Hicho kibaki kwenye mboga, hakichukui nafasi ya vidonge.

Mwulizeni pia kama anameza diklofenaki kwa ajili ya magoti, kama wafanyavyo wengi wa umri wake, kwa sababu dawa hiyo hupandisha presha na kuziumiza figo. Chumvi nayo ipunguzwe: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na humo imehesabiwa chumvi ya achari, ya viungo vya pakiti na ya papa mkavu, ambaye ni vyema arowekwe na maji yake yamwagwe kabla ya kupikwa.

SWALI: Nimenunua mashine ya kupimia presha. Jioni moja ilinipa 152/94, na dakika chache baadaye 136/86. Nisadiki kipi?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Usisadiki kimoja peke yake. Presha hupanda na kushuka mchana kutwa, na yawezekana ulijipima mara ya kwanza ukiwa ndiyo kwanza umepanda ngazi. Kaa kitini kwa dakika 5 ukiwa umekwisha kwenda haja ndogo, mgongo umeegemea, miguu iko sakafuni bila kukunja nne, mkono uko juu ya meza usawa wa moyo, na usizungumze. Kahawa na sigara ziwe zimepita nusu saa. Utepe usiubane juu ya mkono wa shati, na ukiwa mdogo kuliko mkono wako, utakupa namba kubwa kuliko ilivyo. Pima mara mbili asubuhi na mara mbili jioni kwa siku 7, ukiandika kila namba bila kuchagua zile zinazokupendeza. Wastani ukifika 135/85 au zaidi, mwone daktari, ukiwa na daftari pamoja na mashine yenyewe, ili ilinganishwe na ile ya kliniki.