Maswali ya Wasomaji: Saa za Mwalimu Zinaishia Wapi?

SWALI: Ninafundisha Hisabati katika shule ya kibinafsi ya kutwa. Mkataba unasema saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, mshahara wa kimsingi Sh45,000. Lakini tunatakiwa tuwe darasani saa kumi na mbili na nusu kwa prepu ya asubuhi, tunatoka saa kumi na mbili jioni, na Jumamosi tunafundisha saa mbili hadi saa saba. Hatuongezwi hata shilingi. Tukiuliza tunaambiwa ualimu ni wito. Tuna haki gani? *Mwalimu, Embakasi*

JIBU: Mwalimu, anza na hesabu. Ukitoa saa moja ya chakula, mkataba wako ni wa saa 40 kwa wiki. Unazofanya ni saa 10 na nusu kwa siku 5, yaani 52 na nusu. Ongeza 5 za Jumamosi, zinakuwa 57 na nusu.

Amri ya Jumla ya mishahara nchini Kenya inaweka wiki ya kawaida kuwa saa zisizozidi 52 katika siku 6. Zinazopita hapo hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha saa, au mara mbili zikiangukia siku ya mapumziko au sikukuu. Kwa anayelipwa kwa mwezi, kiwango cha saa hupatikana kwa kugawa mshahara wa kimsingi kwa 225. Kwako ni Sh200, na ovataimu ni Sh300 kwa saa. Saa zako 5 na nusu zilizopita 52 ni Sh1,650 kila wiki. Zile 12 zilizo kati ya 40 na 52 zinategemea mkataba: kwa kuwa umetaja saa, una pa kushika, ila kama ndani yake kuna kifungu cha "majukumu mengine yoyote", shule itakiegemea.

Madai mengi huharibikia kwenye daftari la mahudhurio. Daftari hukaa mezani kwa naibu wa mwalimu mkuu, na ili kuepuka foleni, walimu hujaza saa ya kuingia na ya kutoka kwa mkupuo mmoja asubuhi. Saa kumi na moja jioni inaandikwa na kutiwa sahihi kabla ya kengele ya kwanza. Siku ya kudai, daftari hilo linamtetea mwajiri. Andika saa uliyotoka, wakati unapotoka. Weka nakala ya ratiba ya prepu yenye jina lako, jumbe za kuitwa Jumamosi na hati zako za malipo. Kagua kama hati hizo zina mstari wa posho ya masomo ya ziada, kwa sababu shule itasema ilishakulipa.

Hiyo prepu nayo ina kasoro. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinakataza shule ya kutwa kuwalazimisha wanafunzi wafike kabla ya saa moja na robo asubuhi. Masomo ni saa mbili hadi saa tisa na nusu, kisha michezo na vyama hadi saa kumi na moja kasorobo. Darasa lenu la alfajiri halikupaswa kuwapo, kwa mtoto wala kwa mwalimu.

Andikeni barua ya pamoja kwa mwalimu mkuu ikitaja saa, tarehe na kiasi, mkimpa siku 14. Akikaa kimya, nendeni kwa afisa wa kazi wa kaunti, na baada yake Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, kulalamika si sababu halali ya kumfuta mtu kazi. Ila msichelewe: madai ya ajira yana ukomo wa miaka 3, na kwa dhuluma inayoendelea ni miezi 12 tangu ilipokoma.

Kuhusu wito, msimamo wetu ni huu: aliyeitikia wito bado analipa nauli ya matatu kama abiria wengine. Mwajiri ana ruhusa ya kuomba saa zaidi. Hana ruhusa ya kuzificha nyuma ya neno zuri.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa TSC (Tume ya Huduma za Walimu), sekondari. Kila wikendi nasahihisha karatasi nyumbani. Je, hiyo si kazi ya bure? *Mwalimu wa Kiswahili, Dagoretti*

JIBU: Kusahihisha na kuandaa masomo ni sehemu ya kazi yako, na mshahara wa TSC ni wa mwezi, hauna ovataimu. Shida ni wingi. Vipindi 27 vya dakika 40 ni saa 18 kwa wiki. Mikondo 4 ya wanafunzi 50 ni karatasi 200, na kwa dakika 6 kila karatasi ni saa 20. Jaribio moja linazidi ufundishaji wa wiki nzima! Katika ratiba ya vipindi 40, vipindi vyako 13 vilivyo wazi vinatoa saa 8 na dakika 40 tu, na humo humo kuna maazimio ya kazi, rekodi na fomu za TPAD, yaani tathmini ya utendaji wa mwalimu.

Basi usitahini mikondo yote wiki moja. Mkondo mmoja kwa wiki ni saa 5, unazimaliza shuleni. Sahihisha swali kwa swali: swali la 1 katika karatasi zote 50, ndipo la 2. Mwongozo unakukaa kichwani na alama haziyumbi ukichoka. Maswali ya kuchagua jibu, wanafunzi wabadilishane karatasi darasani. Mtihani wa shule nzima ukipewa siku 2 za kuingiza alama, pinga tarehe hiyo kwenye kikao cha walimu kabla ratiba haijabandikwa. Ikishabandikwa umechelewa.

SWALI: Sisi wazazi tuko tayari kuchanga ili walimu wafundishe likizoni. Kuna ubaya? *Mzazi, Buruburu*

JIBU: Upo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imepiga marufuku tuisheni ya likizo. Adhabu ni faini isiyozidi Sh100,000, kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili. Mchango wenu hauihalalishi.

SWALI: Drama na kandanda haziwezekani bila mazoezi ya jioni, na sina fedha za kuwalipa walimu. Nifanyeje? *Mwalimu mkuu, Kasarani*

JIBU: Zile dakika 75 za michezo na vyama kila siku, saa tisa na nusu hadi saa kumi na moja kasorobo, ni saa 6 na robo kwa wiki. Zitumie kwanza, maana mara nyingi huliwa na masomo ya ziada, halafu mazoezi yanasukumwa usiku.

Mashindano yakikaribia, bandika orodha: nani, siku gani, kuanzia saa ngapi, kumaliza saa ngapi. Usimrudie yule yule kila mara kwa sababu ni kijana na hana watoto. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Saa zirudishwe kwa saa: jioni 4 za saa moja na nusu ni saa 6, sawa na vipindi 9 ambavyo wenzake watamshikia, na hilo liandikwe kwenye ratiba, lisiachwe kuwa ahadi ya mdomo. Nauli ya usiku itoke kwenye fungu la michezo. Sheria inampa kila mfanyakazi siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7, kwa hiyo aliyesafiri na timu Jumamosi na Jumapili asipangiwe kipindi Jumatatu.